Salamu ya Kushoto

Walisema sitaweza. Niliporudi Garsen kutoka Uarabuni nikatangaza kwamba nitanunua maziwa ya wafugaji, niyapoze na kuyauza hadi Malindi, walisema maziwa ya Waorma yanajua kuganda tu, hayajui kusafiri. Nilipotengeneza tangi la kwanza kwa mikono yangu, kwa vyuma vya majokofu mabovu, walisema litalipuka. Nilipoungua, walisema si tulimwambia. Na kovu liliponivuta kichwa hadi karibu na bega la kulia, wakasema neno lao la mwisho: huyo hatageuza shingo tena.

Leo nimekaa mlangoni mwa duka langu. Gari likipita upande wa kushoto, nageuka kulitazama. Hata likiwa lori la mchanga ambalo nimeshaliona mara chungu nzima, nageuka. Nageuka kwa sababu naweza.

Naitwa Guyo. Nina diploma ya mitambo ya ubaridi, na iko ukutani nyuma yangu, ndani ya fremu, mahali ambapo mteja hawezi kuikosa. Niliisomea jioni huku mchana nikipakua magunia Mombasa. Hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenilipia. Uarabuni nilikuwa nikitengeneza mitambo ya maghala ambayo soko zima la Garsen lingeingia ndani na nafasi ikabaki. Nayasema haya mapema ili ujue anayezungumza nawe ni nani. Kama umeungua, au umepasuliwa, na kovu limeanza kukutawala, haya nimekuandikia wewe. Sikuhurumii. Nakuambia nilichofanya.

Tangi halikulipuka, na nataka hilo lijulikane. Kilichoniunguza ni jenereta. Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka mahali pasipoonekana, mafuta yakamwagikia bomba la moshi, na moto ukanirukia upande wa kulia: taya, shingo, sehemu ya kifua. Zeinabu, mke wangu, ndiye aliyenizima. Alimwaga pipa letu lote la maji, kisha akavamia la jirani.

Wiki za mwanzo za bandeji sizikumbuki vizuri na sina hamu nazo. Nakumbuka benchi la kituo cha afya, na muuguzi aliyekuwa akilowesha bandeji polepole ili isibanduke na nyama. Nakumbuka kina mama wa maziwa wakipita dirishani asubuhi, madumu mkononi.

"Injinia yu hai?"

"Yu hai," nilikuwa nikijibu mwenyewe, "na kesho msichelewe."

Hakukuwa na mtu wa kuyapokea maziwa yao. Lakini wao walihitaji kusikia, nami nilihitaji kusema.

Masika yalipoanza, vidonda vilifunga. Watu wakaja kunipongeza. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Kidonda kikifunga, kovu ndiyo kwanza linaamka.

Mama alikuwa ameniletea mto wa mti wa marehemu baba. Kama hukukulia kwa wafugaji, ni kigogo kidogo kilichochongwa, chenye mguu, ambacho wazee wetu hulazia shingo wakiwa malishoni. Si kitu cha kumpa mtu yeyote. Baba alipofariki, Mama aliufunga kwenye kanga akauhifadhi, na hata mimi mwanawe sikuwahi kuugusa. Sasa aliutoa.

"Baba yako aliulalia huu alipovunjwa mbavu na fahali," alisema. "Lala, mwanangu."

Kila mgeni aliyeuona alinyamaza kwa heshima. Nami nikaulalia kutwa, kichwa kimeinuka, kidevu kimeegemea kifua, kwa sababu hivyo ndivyo ngozi haikuuma. Ilikuwa raha. Na kovu, kwa kuniona nimetulia hivyo, likakaza papo hapo.

Kwanza lilikuwa jekundu, kisha likawa zambarau, kisha likainuka kama mizizi iliyotoka juu ya ardhi. Liliwasha hadi nikawa najikuna kwa mgongo wa kijiko. Lilivuta kona ya mdomo, chai ikawa inanidondoka kifuani mbele ya wageni. Lilivuta taya, likavuta sikio, mwishowe likakivuta kichwa chote kulia na chini, kama mtu anayesikiliza jambo linalosemwa kwenye bega lake mwenyewe. Vijana wa stendi, ambao hawana dogo, walinibatiza Shingo Upande.

"Injinia, mambo! Unacheki nini huko chini?"

"Naangalia viatu vyako," nilimjibu mmoja. "Nimeona havifanani."

Hayo niliyamudu. Jambo lililoniuma lilikuwa msikitini. Mwisho wa swala hutolewa salamu mbili, kulia kisha kushoto. Ya kulia haikunisumbua, nilikuwa nimeshaelekea huko. Ya kushoto ndiyo iliyonishinda. Nilizungusha mabega, nikazungusha kiuno, nikakaribia kuondoka kwenye safu, na bado macho yangu hayakufika kwa jirani. Wazee walinifariji kwamba mgonjwa hufanya awezavyo na inatosha. Nilijua kwamba inatosha. Mimi sikutaka ya kutosha. Nilitaka salamu ya kushoto, nzima, kama ya mtu mwingine yeyote.

Ami Bonaya, mdogo wake baba, alikuja kuniona kabla hajahamisha ng'ombe kutoka delta kwenda porini kufuata nyasi za mvua. Ami ni bingwa wa chuma cha moto. Ng'ombe akivimba goti, huchoma. Mtoto akivimba bandama, huchoma. Mgongoni mwake mwenyewe ana alama za chuma zilizopangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Aliingia uani, akanitazama kidogo, akaomba makaa, akachomeka chuma ndani yake.

"Ami, hicho cha nani?"

"Chako. Moto uliokuchoma ulikuwa wa kijinga, umekimbia kabla ya kumaliza kazi. Huu una mwenyewe. Nitalichoma hilo kovu mahali pawili, litalegea."

"Mimi si ndama, Ami."

"Ndama angekuwa keshapona."

Waliokuwepo walicheka. Mama hakucheka. Alinishika mguu. "Mwachie ami yako, Guyo. Alimponya baba yako."

Kabla sijajibu, Zeinabu alitoka jikoni na ndoo, akaimwaga yote juu ya makaa. Mvuke ulitufunika. Ulipopungua, mke wangu alikuwa amesimama palepale, ameshika ndoo tupu.

"Nimemuona akiungua mara moja, baba," alimwambia Ami. "Sitaangalia mara ya pili."

Kwetu mwanamke aliyeolewa hazimi moto wa mzee wa ukoo. Nilingoja kelele. Ami alikitoa chuma, akakifuta kwa shuka yake, akacheka cheko kavu.

"Haya. Kataeni. Lakini mimi nimewachunga wagonjwa kabla hamjazaliwa. Shingo hiyo haigeuki tena. Hata siku ya kukuzika tutahangaika: tunakuelekeza kibla, wewe unatazama miguu yako."

Asubuhi yake alirudi na ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa imekauka maziwa, na kwetu mtu akipatwa na shida huazimwa ng'ombe anayekamwa. Maziwa ni ya nyumba, ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, na shida ikiisha hurudishwa. Sikutarajia Ami aazime chochote baada ya ile ndoo. Na hakuleta kikongwe. Alileta ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, yule aliyekuwa akijivunia kila alipokaa, na ndama wake jike akimfuata.

"Utamrudisha," alisema kwa sauti, majirani wasikie, "siku nitakayokaa kushoto kwako, nawe ugeuke unitazame usoni bila kuzungusha kiuno. Yaani nimekupa kabisa."

"Utamkamua kwa mkono wako, Ami."

"Inshallah," akasema, vile mtu anavyomwambia mtoto aliyeahidi kumnunulia ndege. Akaondoka na kundi lake.

Kipupwe kilipoanza, Zeinabu alinipeleka kwenye hospitali kubwa ya pwani. Chumba cha kungojea cha wenye makovu kina tabia yake. Kila anayeingia huchagua kiti kulingana na upande anaotaka kuuficha. Aliyeungua kushoto hujibana kwenye ukuta wa kushoto, wa kulia hujibana kulia, na katikati hubaki viti vitupu. Nami, pamoja na diploma yangu, nilikuwa nakwenda ukutani.

Katikati ya vile viti vitupu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kipini, Bi Mwanaisha, mkono wa buibui ameukunja hadi kwenye kiwiko, kovu lake la mafuta ya bajia liko nje linapata upepo.

"Nawe wamficha nani uso, mwanangu?" aliniita. "Humu ndani sote tumeungua. Njoo ukae na watu."

Nikakaa. Akafungua kikapu, akatugawia vitumbua. Kufikia saa nne watu wote wa ukutani walikuwa katikati, wakionyeshana makovu na kubishana la nani lilikuwa baya zaidi. Langu lilishinda.

Mtaalamu wa mazoezi aliyenipokea aliitwa Katana, mtu wa maneno machache na vidole vigumu. Alinipima shingo, akauliza, "Unalala vipi?"

"Kwa heshima," nikasema, nikamweleza habari za mto wa baba.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mama yako anakupenda sana," akasema. "Mwambie namsalimu, na mto auchukue. Shingo iliyoungua hailalii mto. Ukiona umekaa kwa raha, ujue kovu linafupika."

Akanifundisha kulala chali bila mto, taulo lililoviringwa likiwa chini ya mabega, kichwa kidondoke nyuma. Akanifundisha kulisugua kovu kwa mafuta ya kawaida ya kujipaka, kidole gumba kikizunguka polepole na kukandamiza hadi ngozi ibadilike rangi. Akaniambia kovu likishafika hapo, mazoezi peke yake hayatoshi: kungekuwa na upasuaji, zamu yangu ilikuwa baada ya vuli kuanza, na kazi yangu hadi siku hiyo ilikuwa kuilainisha ngozi ili daktari apate pa kushika.

Nyumbani, Zeinabu aliutoa mto kichwani pangu. Mama alipouona pembeni alisimama mlangoni.

"Nani amemwondoa baba yako kichwani pako?"

"Hospitali, Mama."

"Hospitali haina mikono. Namjua mwenye mikono." Akamtazama Zeinabu. Kwanza ilikuwa ndoo, sasa mto. Mama alifunga nguo zake akaenda kukaa kwa dada yangu, kule Tarasaa. Zeinabu hakulia mbele yangu, lakini chumvi kwenye mboga ilipotea kwa siku kadhaa, na sikuthubutu kuuliza.

Nikabaki na taulo langu. Na taulo, katika joto la Garsen, ni kitu dhaifu. Unajilaza, linabonyea, mabega yanafika chini na kichwa hakidondoki. Nililiviringa upya, likabonyea tena. Hapo ndipo akili ya fundi ilipofanya kazi. Niliufungua mto wa baba, nikauzungushia kanga yake, nikauweka chini ya mabega badala ya kichwa. Nikajiachia.

Sitakudanganya: niliona nyota mchana. Kovu lilivutika hadi nikahisi taya linafunguka kama mlango wenye kutu. Lakini kichwa kilidondoka nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu masika nikaona mabati ya nyumba yangu mwenyewe. Yalikuwa na buibui wengi.

Nilimpigia Mama. Alikuja siku ya pili, akanikuta hivyo hivyo, chali, mto wa mumewe chini ya mgongo.

"Umeuweka mgongoni," akasema.

"Nimeuweka mahali unapofanya kazi, Mama."

Alikaa chini. Kisha akauliza, "Mafuta yako wapi?" Zeinabu akamletea, akachuchumaa kando yake, akamwonyesha jinsi Katana alivyofundisha. Mama akaanza kusugua. Vidole vyake vimekamua ng'ombe tangu alipokuwa msichana, vinajua kubana bila kuumiza. Tangu siku hiyo kazi ya kulisugua kovu ikawa yake, na hakumwachia mtu.

Nilipompelekea Katana picha ya mto kwenye simu, aliitazama sana. "Huu mto una diploma?"

"Hauna," nikamwambia. "Mwenyewe ninayo."

Vuli ilikuja na Tana ikapanda. Siku ya safari yangu ya upasuaji, barabara ilikuwa imekatika kabla ya Tarasaa. Maji yametanda, magari yamepanga foleni, madereva wamelala. Kila mtu aliniambia nirudi nyumbani, nitapewa siku nyingine. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye vile viti, naijua foleni ya daktari. Ukikosa zamu unarudi mkiani, na kovu halikungojei. Nilishuka hadi ukingoni mwa maji na Zeinabu na mfuko wetu wa nguo.

Palikuwa na mzee mmoja Mpokomo wa Golbanti, Komora, anasukuma mtumbwi wake kwa pondo, anavusha watu wa kijiji chake. Aliniangalia uso.

"Wewe si wa kina Bonaya, mwenye ng'ombe?"

"Ni ami yangu."

"Ng'ombe zake zilinimalizia mahindi mwaka juzi. Hata mabua hazikuacha."

"Nilisikia, mzee."

"Na ya mwaka huu yameliwa na mto." Akatema mate majini. "Lakini mto angalau haukuniambia kwamba haukuona mpaka wa shamba. Ingia. Mama, wewe kaa katikati."

Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali, linapiga juu na linarudi kutoka kwenye maji. Nilifunika shingo kwa kiganja, kwa sababu Katana alikuwa ameniambia kwamba kovu changa likipigwa jua huwa jeusi na hubaki hivyo. Komora aliliona lile. Alivua kofia yake, pana, ya ukindu, akanivisha mwenyewe.

"Hilo jua litakupika mara ya pili. Lakini sikiliza, nimekuazima. Sikukupa. Duka lako la maziwa nalijua."

Nilifika. Zamu yangu ilinikuta kitini, na kofia ya ukindu kichwani.

Daktari alilikata kovu, akaifungua shingo, na pale palipobaki wazi akapandikiza ngozi aliyoitoa pajani. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba paja litauma kuliko shingo. Sasa wewe umeambiwa. Nilizinduka kidevu kikiwa kimeinuka, natazama dari, na Zeinabu anacheka huku anajifuta machozi.

"Una shingo," alisema. "Nilikuwa nimesahau kama una shingo."

Wengi hudhani kisu kikipita kazi imekwisha. Hata kidogo. Kovu lilitaka kurudi tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimeshalijua. Ngozi mpya iliposhika nilivaa kola ya kubana, mchana na usiku, natoa kuoga na kufanya mazoezi tu. Chini yake palikaa shiti ya silikoni, laini kama nyama ya dafu, ambayo huoshwa kwa sabuni na kurudishwa. Kiangazi cha Garsen ndani ya kola ni adhabu. Jasho linachuruzika, ngozi inanuka, upele unatoka. Nilioga, nikajifuta, nikaivaa tena. Ami Bonaya alipita siku moja akitoka porini kununua chumvi ya ng'ombe, akanikuta nayo.

"Sasa wamekufunga kama punda wa mkokoteni," alisema. "Ng'ombe wangu anaendeleaje?"

"Anakungojea, Ami."

"Wangu? Si nilikupa?" Akaenda zake akicheka.

Siku nyingine Zeinabu alianika shiti uani, mbuzi wa jirani akaila. Usicheke; mimi sikucheka. Nilikwenda kliniki bila shiti, nimenuna, na shiti mpya haikuwepo hadi mwezi uliofuata. Bi Mwanaisha alikuwa na yake, mpya, haijatoka kwenye pakiti. Aliitandaza mapajani, akaikata nusu kwa mkasi.

"N'takurudishia nzima," nikamwambia kwa Kiswahili chake.

"Mrudishe mbuzi kwanza," akasema, na chumba kizima kikacheka.

Masika ya pili yalikuwa ya sindano. Chini ya sikio palikuwa na vinundu vilivyokataa kola, vikakataa silikoni. Sindano ya kovu gumu haiingii, inasukumwa. Mkono wa kiti cha kliniki ile una alama za kucha zangu. Lakini baada ya kila sindano kinundu kilipungua, kikalala, kikawa laini. Rangi ya zambarau ikafifia ikawa kahawia. Kona ya mdomo ikarudi mahali pake, chai ikaacha kudondoka.

Kuna kijana mmoja sokoni aliyeniuzia habari za krimu ya kufuta kovu kwa wiki moja. Nilimuuliza kama wiki moja inatosha kufuta hata deni la sukari. Wengine wameinunua, nimeona nyuso zao, zimechubuka hadi wakawa na jambo jingine la kutibu. Kovu halifutwi. Linafundishwa, polepole, kila siku, nalo husahau likikosa fundisho. Ndugu zangu wa mjini walinishauri nijifunge skafu nikiwa dukani, wateja wasitishike. Nimekataa. Shingoni nina kiraka cha rangi nyingine, kama kanzu iliyoshonwa kwa kitambaa cha mabaki, na nimelipia kila uzi kwa maumivu. Atakayetishika akanywe chai ya rangi.

Mazoezi ya kugeuza yalisimamiwa na Mama. Alikuwa ananiketisha mkekani, anaweka kikombe changu cha chai upande wa kushoto, na sipewi hadi nikione bila kusogeza bega. Kila nilipokizoea alikisogeza nyuma kidogo.

"Mama, inapoa."

"Si una mitambo ya ubaridi? Igeukie."

Kikombe kilitoka mbele ya goti, kikafika ubavuni, kikafika usawa wa bega. Siku nilipokiona pale begani, Mama alikinyanyua akanipa, kisha akaingia ndani akajifungia. Nilimsikia akimwambia marehemu baba kitu, kwa Kiorma, sauti ya chini. Sikusikiliza. Hayakuwa maneno yangu.

Kiangazi kilipokauka kabisa, habari zikaja kwamba Ami amerudi delta na kundi lake. Wakati huo kina mama wa maziwa walikuwa wamerudi na madumu yao, na tangi linanguruma. Bi Mwanaisha nilikuwa nimeshampa shiti nzima kliniki, na picha ya mbuzi juu yake. Walioniazima walibaki wawili. Nikaamua kuwamaliza kwa siku moja.

Asubuhi nilikwenda Golbanti. Ile kofia ilikuwa imekwisha, ukingo umekatika kwa kuvaliwa jua hadi jua, kwa hiyo nilimpelekea Komora mpya, na ile kuukuu nikaiweka juu yake ili asiseme nimeipoteza. Aliipima mpya kichwani, akaitoa, akavaa kuukuu.

"Hii imekwenda hospitali," alisema. "Imekuwa na cheo." Kisha akanizunguka akaniangalia shingo, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua mtumbwi uliozibwa. "Mwambie ami yako mahindi yangu yameota."

"Nitamwambia apite mbali."

Mchana nilimswaga ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe hadi kambini kwa Ami. Nyuma yake alikuja mtamba, yule aliyekuja kwangu akiwa ndama, na nyuma ya mtamba ndama mpya, kwa sababu mama yao alikuwa amezaa tena na kiwele kimejaa. Ami aliniona kutoka mbali. Hakuinuka. Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja, akapapasa paji jeupe, asinitazame mimi.

"Umekuja kunitembeza ng'ombe?"

"Nimekuja kurudisha."

"Tulikuwa na sharti."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Adhana ya alasiri iliadhiniwa na mwalimu wa madrasa ya kambini. Tukatawadha, tukapanga safu juu ya mikeka, wanaume wachache. Nilisimama karibu na mwisho wa safu. Ami alipita nyuma ya watu wote, akaja akasimama kushoto kwangu.

Tuliswali. Tukakaa kwa kikao cha mwisho. Mwalimu akatoa salamu ya kulia, nasi tukageuka kulia. Kisha akatoa ya kushoto.

Sikuharakisha. Kiuno kilibaki palepale. Mabega yalibaki palepale. Ngozi ilivuta, kama inavyovuta hadi leo, nami nikaivuta kuishinda, hadi kidevu kikafika juu ya bega, na macho yangu yakakutana na uso wa Ami Bonaya.

Alitakiwa naye awe amegeukia kushoto, kama safu nzima. Hakuwa amegeuka. Tangu salamu ya kulia alikuwa amebaki vilevile, ananielekea, mdomo wazi, machozi yanaingia kwenye ndevu, mzee wa watu amesahau ibada aliyoianza.

"Maliza swala yako, Ami," nikamwambia. "Kisha ukamkamue ng'ombe wako."